Watoto wa miaka 6 hadi 8 wamechoka na koni. Niwafundishe kukokota mpira kwa michezo gani?

BabaWawili:

Habari zenu wakuu.

Naomba msaada wa wenye uzoefu. Aliyekuwa akifundisha timu ya watoto wanayochezea wanangu wawili amehama, na wazazi wenzangu wakaniteua mimi kwa sababu tu huwa nawahi kufika na mpira ukitoka nje naurudisha. Basi nimekuwa kocha. Wako 14, wadogo kabisa wana miaka 6 na wakubwa 8, wavulana na wasichana pamoja.

Ratiba niliyoikuta ni hii: wanazunguka uwanja mara mbili, wananyoosha misuli wakiwa wamesimama, halafu koni nane kwenye mstari mmoja, wanapita na mpira mmoja mmoja. Ukimwangalia anayepita, huku nyuma ya foleni wawili wameshikana mashati, mmoja anafukua udongo kwa kiatu, mwingine kiatu amekivua kabisa. Ikifika mechi, mpira ukienda kushoto wote wanahamia kushoto kama nyuki, na anayeufikia anabutua. Hakuna anayethubutu kukaa nao hata hatua tatu.

Nataka michezo ya kupasha mwili ambayo mtoto akiicheza anajifunza kukokota bila kujua kwamba anafundishwa. Muda wangu ni saa moja. Mipira ninayo 11 tu. Halafu kuna tofauti kubwa kati yao: wawili mpira unawatii, wengine wakiugusa tu umeshawakimbia. Niwatenganishe?

Nawasilisha.

BekiMstaafu:

Baba Wawili, hongera na pole kwa pamoja. Wengi wetu tuliingia kwenye ukocha kwa mlango huohuo wa kurudisha mipira iliyotoka nje.

Mimi nilikuwa beki wa kulia, na kazi ya beki ni kumnyang'anya mtu mpira. Kwa hiyo hata kwa watoto nauliza swali la beki: huyu nikimfuata, atafanya nini? Kama jibu ni "hajui kwamba ninakuja", basi hajui kukokota, hata kama anapita kwenye koni kwa madaha.

Anza kwa kuivunja foleni. Piga hesabu: watoto 14, kila mmoja akitumia sekunde 15 kwenye koni zako, aliyemaliza anasubiri wenzake 13. Hizo ni sekunde 195, yaani dakika tatu na robo, ndipo auguse mpira tena. Katika dakika kumi hapati zaidi ya zamu tatu. Ukiona mtoto anavua kiatu kwenye foleni, usimlaumu, hana kazi nyingine.

Angalia pia mipira yenyewe. Umri huo unataka saizi 3, yenye mzingo wa sentimita 60 hivi na uzito wa gramu 300 na kidogo. Ile ya wakubwa, saizi 5, ina mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Mtoto wa miaka 6 akipewa hiyo inamfika karibu na goti, na kuusogeza tu inabidi aupige teke. Hapo umemfundisha kubutua bila kusema neno. Na usiijaze upepo mpaka igonge kama ubao. Ikilegea kidogo inakaa karibu na mguu, mtoto anapata ujasiri.

Sasa michezo. Weka koni zako nane zitengeneze uwanja wa hatua 20 kwa 15. Hizo hatua ni zako wewe mtu mzima.

Nianze na Taa. Kila mwenye mpira anakokota anakotaka humo ndani. Ukisema kijani, wanakwenda. Njano, wanasimama na mpira katikati ya miguu, wanaugusagusa kulia kushoto kwa upande wa ndani. Nyekundu, wanaukanyaga kwa unyayo na kutulia. Mchezo huu unajulikana kila mahali na makocha wengi wanauacha hapohapo. Mimi naona raha yake inaanza unapofunga mdomo. Tafuta koni tatu za rangi hizo, uziinue juu kimyakimya huku unatembea, mara uko mbele yao, mara uko nyuma yao. Sasa hawezi kujua taa imebadilika bila kuinua kichwa.

Hapo mwangalie mtoto mmoja tu, usiwaangalie wote. Taa nyekundu imeinuliwa. Mtoto anasimama, lakini mpira uko hatua tatu mbele yake na haujasimama. Anaukimbilia, anaukanyaga, anageuka kukutazama kama umeona. Usiseme kitu. Raundi inayofuata utamwona anaugusa kidogo zaidi, kwa sababu hataki tena kukimbizana nao. Ukipiga kelele "mpira karibu! mpira karibu!" atakusikiliza wewe, na mpira ataendelea kuukimbiza.

Ukitaka kumsaidia kwa mdomo, msaidie kwenye mguu. Watoto wengi wanakokota kwa upande wa ndani tu, kwa hiyo mguu unageuka nje na mwendo unakuwa wa bata. Mwambie aelekeze vidole vya mguu chini na ndani kidogo, auguse mpira kwa sehemu ya kamba za kiatu au kwa upande wa nje. Hivyo anakimbia kama anavyokimbia siku zote na mpira unatangulia hatua moja. Maelekezo hayo yanatosha kwa siku nzima.

Mchezo wa pili ndio utakaokulipa, nao unamaliza tatizo lako la mipira. Una watoto 14 na mipira 11, maana yake watatu hawana. Hao ndio papa, na wenye mipira ni samaki. Samaki wanaanzia upande mmoja wa uwanja, ukisema "baharini!" wanavuka kwenda upande wa pili na mipira yao, papa wanawanyang'anya. Papa akiunasa mpira anakuwa samaki, na aliyenyang'anywa anakuwa papa. Hakuna anayetoka nje. Hili nalisisitiza: mchezo wowote ambao aliyeshindwa anakwenda kukaa pembeni, usiutumie kwa umri huu. Wa kwanza kutoka ni yuleyule ambaye mpira unamkimbia, ndiye anayehitaji kuugusa kuliko wote, nawe umemkalisha. Wale wawili wako ambao mpira unawatii ndio wanaobaki kucheza mpaka mwisho. Ni kinyume kabisa na ulichotaka.

Papa wanafundisha kitu ambacho koni haiwezi. Mtoto akimwona papa anakuja anajifunza kuchagua: nisimame, nigeuke, au nichomoke? Wengine watachomoka kwa kubutua mpira mbele na kuufuata, na wakivuka salama waache. Siku papa mmoja atakapousubiri ule mpira mrefu na kuuchukua, watatafuta njia nyingine wenyewe.

Tatu, Mageti. Sambaza mageti mengi, yawe mengi kuliko watoto, kila geti ni vitu viwili vilivyoachana hatua moja na nusu: koni, mawe, viatu, chochote. Sekunde 45, kila mmoja apite na mpira kwenye mageti mengi awezavyo, geti moja lisirudiwe mara mbili mfululizo. Wahesabu wenyewe kwa sauti. Halafu rudia sekunde 45 nyingine, na swali lako lisiwe nani kapata mengi. Uliza nani kaongeza. Aliyetoka 4 akafika 6 amenyoosha mkono, aliyebaki kwenye 12 hakunyoosha. Ndiyo maana sioni haja ya kuwatenganisha, kila mmoja anashindana na namba yake. (Watakudanganya kwenye hesabu. Kuna mmoja atasema 30. Mpokee na 30 zake, raundi ya pili atapata tabu ya kuziongeza.) Hapa wale watatu wasio na mpira pia wana kazi: wanasimama wazi kwenye geti moja, wanahesabu mpaka tano, wanahamia jingine. Geti lenye mtu limefungwa. Wapokezane kila raundi.

Dakika 15 mpaka 20 za michezo hii zinatosha. Zikizidi wanachoka na vurugu inarudi. Baada ya hapo wagawe wacheze watatu kwa watatu au wanne kwa wanne kwenye viwanja vidogo. Tena usidhani hayo ni ya kujifariji kwa sababu watoto ni wachache. Ujerumani, kuanzia msimu wa 2024/25, chama chao cha soka kimefanya mechi za timu ndogondogo kuwa lazima kwa watoto. Wale wadogo kabisa wanacheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, magoli madogo manne, bila kipa. Sababu ni hiyohiyo ya foleni yako: wachezaji wakiwa wachache, kila mtoto anaugusa mpira.

KiungoMkabaji:

Mzee Beki, heshima yako, ila kwenye koni napinga kidogo. Watu siku hizi wamezigeuza koni kuwa adui. Ufundi unakuja kwa kurudiarudia. Wiel Coerver, kocha Mholanzi aliyeipa klabu ya Feyenoord Kombe la UEFA mwaka 1974, alikaa akatazama filamu za wachezaji wakubwa, akazikatakata chenga zao vipande vipande, akasema zinaweza kufundishwa kwa mtoto yeyote mwenye nidhamu ya kurudia. Ukimtupa mtoto kwenye papa kabla hajajua hata kuuvuta mpira nyuma kwa unyayo, atajifunza hofu tu. Kwanza kifaa, halafu vita.

BekiMstaafu:

Kiungo, Coerver namheshimu na mazoezi yale nayatumia. Lakini yakumbuke yalivyo: kila mchezaji ana mpira wake na anaugusa mfululizo. Foleni haimo. Hapo mimi na wewe hatuna ugomvi.

Tunapoachana ni kwenye kumkabili mtu. Chukua ile chenga ya Mholanzi Johan Cruyff kwenye Kombe la Dunia la 1974, Uholanzi na Sweden. Alijifanya anapiga krosi, akauvuta mpira nyuma ya mguu aliosimamia kwa upande wa ndani, akageuka akaondoka. Mechi iliisha 0-0, lakini chenga ile inaimbwa mpaka leo, kwa sababu Jan Olsson wa Sweden alikuwa mgongoni kwake na akaamini kwamba krosi inapigwa. Muondoe Olsson uweke koni pale. Kilichobaki ni mtu anayegeuka. Koni haidanganyiki, na mtoto anayefanya chenga mbele ya koni anaacha ile nusu muhimu ya chenga, ule uongo wa bega na macho.

Kwa hiyo mimi kurudiarudia nakufanya kwa Kioo. Watoto wawili wanatazamana, kila mmoja na mpira, hatua mbili kati yao. Mmoja ni mtu, mwenzake ni kioo. Mtu akiuvuta mpira kwa unyayo, kioo kinauvuta. Mtu akiusukuma kwa nje ya mguu wa kushoto, kioo nacho. Nusu dakika, wanabadilishana. Wanarudia kitendo kilekile mara nyingi mno na hawajui kwamba wanarudia, na macho yako kwa mwenzake badala ya kuganda kwenye mpira. Baada ya hapo unaleta papa. Kifaa wanacho tayari, kama ulivyotaka.

Halafu ule mguu wa pili. Ukiwaambia "sasa mguu wa kushoto tu" wananuna. Ukimwambia kioo kimoja "mvizie mwenzako, badilisha mguu ghafla uone kama ataweza", wanacheka na wanautumia.

KiungoMkabaji:

Hapo kwenye kioo nakubali. Foleni sikuitetea, niliitetea koni.

MwalimuWaViungo:

Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa michezo, niongeze la upande wa mwili, maana swali lilikuwa la kupasha na mpaka sasa mmeongelea miguu na mpira tu.

Baba Wawili, kule kunyoosha misuli mkiwa mmesimama kabla ya mazoezi unaweza kukuacha. Kinachosaidia umri huu ni kuruka, kusimama kwa mguu mmoja, kubadili mwelekeo na kujua kuanguka. Kuna programu ya FIFA inaitwa 11+ Kids, imetengenezwa kwa watoto wa miaka 7 hadi 13, na imejengwa juu ya mambo hayohayo: kusimama ghafla, kuruka kwa mguu mmoja, kujiviringisha chini. Utafiti uliotolewa mwaka 2018, uliofanywa kwenye nchi nne za Ulaya, ulikuta timu zilizoitumia zilipata karibu nusu tu ya majeraha ya wenzao. Wenye miaka 6 hawamo kwenye umri huo, lakini kuruka na kusimama kwa mguu mmoja hakuwadhuru.

Namna ya kuyaingiza bila kuwachosha ni Sanamu. Wanakokota, ukipiga makofi mara moja kila mmoja anakuwa sanamu: mguu mmoja chini, mwingine unaelea juu ya mpira bila kuugusa, mikono popote. Ukipita karibu yake na kumpulizia usoni asicheke. Makofi mawili, wanaacha mipira yao na kila mtu anakimbilia mpira wa mwenzake. Makofi matatu, wanajiviringisha chini mara moja, wanainuka na kuendelea. Hakikisha kwanza pale chini hapana mawe.

Kingine: kabla ya yote, pitia kamba za viatu. Kamba zilizolegea huwaangusha watoto wadogo.

BabaWawili:

Shikamoo Mzee Beki, na Mwalimu asante sana. Kiungo nawe asante, mabishano yenu yamenisaidia kuliko mnavyofikiri.

Nimejaribu Taa, Papa na Sanamu. Sikuamini. Hakuna aliyevua kiatu. Ile ya kuinua koni kimyakimya nimeona kwa macho yangu, kuna wa miaka 6 aliyegundua kwamba akienda anakoniangalia hakosi taa, akawa ananizunguka mimi tu.

Ila matatizo mapya yametokea. Kuna binti mmoja mpole sana. Kwenye Papa alivuka mara ya kwanza, akaenda kona ya uwanja, akaukanyaga mpira, akageuza mgongo na kukaa hivyo mpaka mwisho. Papa wakija anaufunika kwa mwili. Hanyang'anywi, lakini hachezi. Upande wa pili kuna mmoja wa wale wawili hodari, yeye akiwa papa ananasa mpira kwa sekunde tatu, na akishakuwa samaki hanaswi, na anatangaza. Wawili wamelia kwa sababu yake. Na wa miaka 8 wameanza kuuliza "pointi ngapi?" wakati wale wadogo bado wanaigiza papa kwa kuweka mkono kichwani kama pezi.

BekiMstaafu:

Marahaba kijana wangu.

Huyo aliyekuwa anakuzunguka, usimzuie. Anacheza ameinua kichwa, na hicho ndicho unachokitafuta. Zidi tu kuhamahama.

Tuje kwa binti. Mimi kama beki nakwambia, anachokifanya pale kona ni ufundi. Mgongo kwa adui, mpira chini ya unyayo upande wa mbali, mwili katikati. Kuna watu wazima wanalipwa mishahara mikubwa kwa kuupeleka mpira kwenye kibendera cha kona dakika za mwisho na kuulinda vilevile. Kwa hiyo kabla ya kumtoa huko mwambie kwamba ameulinda vizuri. Halafu ubadilishe mchezo, yeye umuache alivyo. Weka visiwa: miraba midogo mitatu au minne ndani ya uwanja, ya hatua mbili kwa mbili. Ndani ya kisiwa papa haingii. Lakini kisiwa kinazama: unaruhusiwa kuhesabu mpaka tano, kisha lazima uhamie kingine. Sasa ana mahali salama, na ana sababu ya kutoka. Safari ya kisiwa hadi kisiwa ni fupi, hatua sita au saba, anaiweza. Wiki zikienda unaviachanisha visiwa polepole na huhitaji kumtangazia mtu.

Ukiona bado anaogopa papa, mlete kaa. Kaa anatembea kwa mikono na miguu, tumbo likitazama juu, na anaruhusiwa kuupiga mpira nje kwa mguu tu. Ni mwizi anayekwenda taratibu na anachekesha. Mtoto mwenye hofu akimpita kaa mara kadhaa anaanza kumtafuta ampite tena. Zaidi ya hapo, kaa anafanya kazi ngumu ya mabega na tumbo, kwa hiyo Mwalimu naye atafurahi.

Huyo hodari anayetangaza, usimpunguzie mchezo. Mwongezee mzigo, tena umwambie sikioni, isiwe adhabu mbele ya watu. Akiwa samaki, mguu wa pili tu. Akiwa papa, hanyang'anyi kwa kubutua, lazima auchukue mpira na kuondoka nao mpaka mstarini. Hicho cha pili ni kigumu kuliko unavyodhani, maana aliyenyang'anywa ana haki ya kuupigania mpaka mstari ufike. Na kinafuta machozi pia: mtoto hakupoteza mpira, bado yuko vitani.

Kuhusu pointi, umeona vizuri. Wa miaka 6 wanataka hadithi, wa miaka 8 wanataka matokeo. Wape vyote. Hadithi ibaki ya papa, na kila kisiwa kilichofikiwa ni pointi moja. Mdogo ataendelea na pezi lake, mkubwa atahesabu. Kwenye Kioo waoanishe kwa umri, kwenye Papa wachanganye.

MwalimuWaViungo:

Kaa nampokea. Ila asizidi nusu dakika kwa zamu moja, viganja na mabega yao havijawa tayari kubeba mwili kwa muda mrefu, na mikono ikichoka wanaangukia kiuno.

KiungoMkabaji:

Swali langu dogo, Mzee. Yule anayeupiga mpira kwa ncha ya kiatu kila mguso unamfanyaje? Ninaye wangu nyumbani, nimesema nimechoka.

BekiMstaafu:

Usiseme. Mpeleke kwenye eneo finyu. Uwanja wa hatua 20 unampa nafasi ya kuupiga kwa ncha na kuufuata. Mpunguzie, watoto wanne na mipira minne kwenye mraba wa hatua tano, wakokote wasigongane. Akiupiga kwa ncha unatoka nje mara moja, anakwenda kuuleta, anarudi. Kabla ya hapo mpe dakika mbili za kuuviringisha mpira kwa unyayo, mbele, nyuma, pembeni, akiwa peku kama ardhi ni laini. Akiwa peku ncha inamuuma, hatairudia.

BabaWawili:

Nimechukua yote. Mazoezi yajayo naanza na Sanamu, halafu Kioo, Papa wa visiwa, tunamalizia na mechi za watatu watatu. Nimesikia pia kuna mchezo wa mikia, vizibao vinachomekwa nyuma ya bukta na kila mtu anakokota huku anavizia mkia wa mwenzake. Kwa umri huu unafaa?

BekiMstaafu:

Unafaa sana, unawafundisha kugeuka na kuangalia nyuma bila kuuacha mpira. Ukichukua mkia wa mtu wakati mpira wako uko mbali na mguu, unaurudisha. Aliyepokonywa mkia anaendelea kukokota, anautafuta mwingine. Chomeka robo tu ya kizibao ndani ya bukta ili kitoke kwa urahisi, na kisifike chini ya goti, watakikanyaga. Na kamba za bukta wazifunge kwanza, maana mwenye pupa havuti mkia peke yake.